Viatu Vyeupe na Kilima cha Spesioza

Tangu nishuke kwenye boti Jumanne, baiskeli begani na ndala za plastiki za rangi ya waridi miguuni, sijafungua duka kwa amani. Kila anayekuja kutoa fotokopi ananitazama miguu kwanza, halafu ndipo ananisalimia. Nimeshasimulia mara tisa, na bado nasikia mtaani habari zangu ambazo mimi mwenyewe sizijui. Katika moja nimegongwa na ng'ombe. Kwa hiyo nimekaa nikaandika yote mara moja. Karatasi ni zangu na mashine ni yangu, anayetaka kujua achukue nakala yake aniache nifanye kazi.

Kwanza mjue nilikuwa natafuta nini. Nina dada mmoja tu, Spesioza, aliyeolewa Karongi. Mama alifariki mapema, tukiwa bado Karagwe, Tanzania, kwa hiyo aliyenilea ni huyo dada. Ndiye aliyenifunga kamba za viatu siku yangu ya kwanza ya shule. Tuliporudi Rwanda, baba alirudi na baiskeli yake nyeusi, godoro na sufuria zote zikiwa nyuma. Alipozeeka akakaa kwangu hapa Gisenyi, na kila mwezi alipanda boti na hiyo baiskeli kwenda kumsalimia Spesioza. Baba alipofariki, baiskeli ikabaki stoo kwangu. Mwaka jana nikaiuza ili niongezee kwenye baiskeli ya mbio, ile nyepesi ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Sikumwuliza dada. Nilijiambia kwamba ni chuma tu.

Alipata habari kwa mtu mwingine. Kwa miezi minane hakupokea simu yangu hata moja. Mwishowe shemeji Vianney, mume wake, akanipigia kwa sauti ya chini, nadhani alikuwa zizini, akanipa ujumbe neno kwa neno: "Dada yako anasema hivi. Baba alikuwa anapanda kilima cha kwetu na ile baiskeli nyeusi, bila kugusa mguu chini. Kama hicho kibaiskeli ulichokinunua kina maana yoyote, upande nacho kilima, akuone. Ukija na basi au boti, mlango haufunguliwi."

Basi ndiyo hivyo. Nina umri wa miaka arobaini na mitano, nakaa kwenye kiti siku nzima, na dada yangu ananisubiri juu ya kilima.

Petite Barrière: viatu vinavuka mpaka

Innocent, mkuu wa kikundi chetu cha baiskeli, amekulia Uganda na hawezi kumaliza sentensi bila Kiingereza. Nilipomweleza habari ya kilima alitikisa kichwa. "Brother, kilima hakipandwi kwa kukanyaga peke yake. Lazima mguu uvute pia. Tafuta viatu vya kunasa."

Kwa wasiojua: viatu vya kunasa vina kibati chini ya soli, na kibati hicho kinaingia kwenye pedali maalumu, kinalia *tak*, mguu na baiskeli vinakuwa kitu kimoja. Mguu mmoja ukisukuma, mwingine unavuta. Ukitaka kutoka, unazungusha kisigino kwa nje. Maelezo yanaishia hapo, na mtu akiyasikia akiwa amekaa anaona ni jambo la kitoto.

Nilimwagiza Mama Zawadi, jirani yangu, ambaye kwao ni Goma na ambaye kila asubuhi anavuka Petite Barrière na nyanya na kila jioni anarudi na chochote alichoagizwa. Jioni hiyo nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anakuja *ko, ko, ko* kwenye mawe ya barabara, beseni kichwani, mfuko kila mkono, na miguuni viatu vyeupe vinavyong'aa.

"Mi nilivaa yenyewe juu mikono ilijaa," alisema akishusha beseni. "Ule mutu wa kwa barrière ameniuliza, mama, leo umekuwa punda? Bon, Deo, chagula. Iko paire mbili na pédale zao. Hii nyeupe iko muzuri ya macho. Hii ya brun iko muzuri ya miguu."

Innocent alivichunguza kama daktari. Vyeupe vilikuwa na matundu matatu chini na kibao kikubwa cha plastiki kilichotokeza nje ya soli. Soli yenyewe ngumu kama ubao wa kukatia nyama. Ni vya watu wanaoendesha tu na hawatembei, alisema. Vya kahawia vilikuwa vizito, vina sura ya viatu vya mlinzi, na kibati chake kilikuwa kidogo, cha chuma, kimejificha katikati ya meno ya soli, unaweza kwenda navyo hata sokoni. Pedali yake inanasa pande zote mbili, na ina skrubu ndogo ya kulegeza ili mguu utoke kirahisi.

"Wewe ni beginner. Chukua vya kahawia," Innocent akasema. "Legeza skrubu mpaka mwisho. Jifunzie kwenye majani wiki mbili, ukianguka usiumie. Na uangalie saizi, miguu inavimba njiani."

Kila neno lilikuwa kweli, na mimi sikufuata hata moja. Nilivitazama vile vyeupe nikajiona nafika kwa Spesioza ninang'aa. Vilikuwa namba arobaini na mbili na mimi navaa arobaini na tatu. Nikasema ngozi itatanuka.

"Hiyo si ngozi," Innocent akasema.

Mama Zawadi akavirudisha vya kahawia kwenye mfuko bila haraka. "Mi nabaki nayo. Sitaiuzisha. Utakuja tu."

Nilijifunzia ufukweni siku tatu. Hakuna anayeanguka akiwa anaenda, mtu anaanguka akisimama. Na hapa kwetu kila hatua mia kuna mtu wa kusimama umsalimie, maana mkubwa hapungiwi mkono ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unatoa mkono, unauliza habari za nyumbani. Siku ya pili alitokea mchungaji wetu. Nikapunguza mwendo, nikasimama kwa adabu zote, na mguu ukabaki kwenye pedali. Nikalala chini taratibu, upande wa kushoto, mkono wa kulia nikiwa bado nimeunyoosha. Mchungaji, Mungu ambariki, akaushika, akaniuliza habari za nyumbani, nikamjibu ni njema.

Gisenyi hadi Kanama: viazi na jembe

Nilimwambia shemeji nitafika Jumamosi jioni. Nikatoka asubuhi na mapema, barabara tupu, nikafurahi kwamba nimewahi kuliko magari.

Lakini sikwenda moja kwa moja. Njia ya Karongi inachepuka Pfunda, nami nikapita Pfunda nikapanda kwenda Kanama, kwa sababu Spesioza anapenda viazi vya Kanama na mimi sikuwa na uso wa kwenda kwake mikono mitupu. Nilipata mama mmoja aliyekuwa anafunga geti lake, akanipimia kilo tano haraka haraka, nikazitia kwenye begi la mgongoni. Nilishangaa kwa nini ana haraka. Nilishangaa pia kwa nini maduka yote yamefungwa, na kwa nini watu wote wanatembea upande mmoja na majembe.

Wenzangu mmeshaelewa. Mwezi ule ulikuwa na Jumamosi tano. Jumamosi ya nne nilikuwa kitandani na mafua, nikasikia mtaani kimya, nikadhani umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, umepita nikiwa nimelala, na moyoni nikashukuru mafua. Kumbe kimya kilikuwa cha mvua. Umuganda wa mwezi ulikuwa leo, na mimi niko katikati ya barabara ya watu nimevaa kaptula inayobana na viatu vyeupe.

Kiongozi wa mudugudu, yaani kijiji, alininyooshea mkono nisimame. Nikasimama na kuanguka. Akasubiri niinuke, kisha akanipa jembe.

Tulizibua mfereji mpaka saa tano. Majirani wale walikuwa wapole, walinipa sehemu isiyo na mawe, lakini ile plastiki chini ya viatu iliteleza kwenye tope kama sabuni, nikawa nachimba nimeshikilia mgomba. Baada ya kazi tukakaa kwa mkutano. Kiongozi akasema tuna mgeni, ajitambulishe. Nikasimama nikasema mimi ni Deo, nina duka la fotokopi Gisenyi, naenda Karongi kwa dada yangu. Hakuna aliyenitazama usoni. Wote walitazama viatu.

Akanyoosha mkono Sibomana, mbeba abiria kwa baiskeli, ambaye siku nyingine hubeba watu mpaka mpakani. "Mi niko na swali moja. We unafungaka miguu kwa baiskeli?"

"Ndiyo."

"Na ukikutana na mutu muzima mu njia, unamusalimia namna gani?"

Mkutano mzima ukanigeukia. Innocent alinieleza skrubu, saizi na matundu, lakini hakunieleza hilo, kwa sababu yeye huendesha na miwani myeusi na hamwoni mtu.

"Iko shida," Sibomana akasema, akakaa chini, na watu wakaitikia kwa vichwa.

Tope lilikuwa limejaa kwenye matundu, viatu havikunasa tena. Mama aliyeniuzia viazi alikaa kwenye jiwe akayachokoa kwa kipini cha nywele mpaka *tak* ikarudi. Alikataa asante yangu, akanisisitiza nimsalimie dada.

Pfunda hadi Kayove: chai na beseni

Nilirudi chini Pfunda na kuchepuka kusini saa sita jua likiwa kichwani. Pande zote ni chai, kijani kitupu, na barabara inajizungusha kwenye vilima bila haraka yoyote. Nakiri ukweli: viatu vile vinafanya kazi. Nilipovuta mguu juu nilihisi baiskeli ikiruka mbele, na kwa muda wa nusu saa nilikuwa bingwa. Wachuma chai walipiga vigelegele. Niliwapungia mkono, kwa kuwa walikuwa mbali, na adabu ya mbali haina masharti.

Baada ya hapo vidole vikaanza kusema. Kwanza kidole gumba cha kulia, kisha wenzake, kisha mguu mzima. Miguu ilikuwa imevimba, na kile nilichokiita ngozi kilikataa kabisa kutanuka. Viazi navyo vilikuwa vinanigonga mgongoni kwa kila duara la pedali. Nilimkumbuka Innocent, nikamchukia kidogo kwa kuwa sahihi.

Kayove niliingia kwenye duka la maziwa. Sakafu ilikuwa ya vigae, inang'aa, na mimi juu yake nikawa kama ndama aliyezaliwa saa hiyo. Nilitoka mlangoni mpaka kaunta bila kukusudia, nikaishika kwa mikono miwili. Mwenye duka, mama mnene mwenye sauti ya upole, waliyemwita Mama Keza, alinitazama akiwa ameshika kikombe.

"Vua hivyo vitu kabla hujaniulia wateja," alisema kwa Kiswahili safi. Naye alikulia Tanzania, Ngara, tukawa ndugu papo hapo.

Nilivua. Afadhali nisingevua, kwa sababu miguu ilipoona uhuru ilikataa kurudi. Akaniletea beseni la maji baridi, lita nzima ya maziwa ya mgando na chapati mbili, nikakaa pale miguu majini kama mgonjwa wa zahanati, na wateja wakiingia wananipa pole. Mama Keza akauliza ni nini kinanikimbiza hivi. Nikamwambia yote, ya baiskeli nyeusi, ya simu zisizopokelewa, ya kilima.

Akafikiri. "Huyo dada yako angekuwa amekukataa, asingekupa masharti. Asiyekutaka hakupi masharti."

"Na nikishindwa?"

"Hapo sijui. Mimi nauza maziwa."

Jua lilikuwa limeshaegemea na miguu haikuingia kwenye viatu kwa namna yoyote. Nikampigia shemeji, nikamwambia nitafika kesho. Alinong'ona kwamba dada ameshapika. Nikauliza amesema nini. Akasema hajasema kitu, amefunika tu sufuria. Nililala nyumba ya wageni ya jirani nikiwa nimeinua miguu ukutani, na nilijisikia vibaya sana kwa ajili ya ile sufuria.

Gihango hadi Rubengera: Jumapili ya salamu

Asubuhi viatu viliingia, kwa kusukuma na kuomba. Nilichosahau ni kwamba ilikuwa Jumapili. Kuanzia Gihango kwenda Mushubati, kando ya barabara kulikuwa na mstari usiokatika wa wazee wenye makoti na wamama wenye mishanana, vitambaa vya heshima vya kufunga begani, wote wanaelekea ibadani, wote wanastahili kusalimiwa. Swali la Sibomana lilinifuata kila kona.

Nilijaribu njia yangu mwenyewe. Nikimwona mkubwa kwa mbali, natoa mguu mmoja mapema, nauacha unaning'inia kama kuku aliyeumia, nafika, nasimama, nasalimia. Ilifanya kazi mara sita. Mara ya saba alitokea bibi mmoja upande ambao sikuutarajia, akitoka kwenye migomba na jembe begani, akanisalimia kwa jina la Yesu. Ningefanyaje? Nikasimama.

Nikiwa chini, miguu yote miwili bado imenaswa, bibi aliinama akatazama viatu, akatazama pedali, akapiga yowe. Wakaja wanaume watatu kutoka shambani. Sote tulizungumza Kinyarwanda, nami nawatafsirieni: bibi alikuwa anasema kuna mtu amefungwa kwenye baiskeli, pengine ni mwizi aliyeadhibiwa, lakini hata kama ni mwizi hii imezidi. Wanaume wakanishika kwapani wakavuta. Nilitoka. Viatu vilibaki kwenye pedali, vimesimama vyenyewe, vyeupe.

"Nani amekufanyia hivi?" mmoja akaniuliza kwa huruma.

"Nimejifunga mwenyewe."

Wakatazamana. "Kwa nini?"

"Nipande kilima."

Bibi akatuma mtu nyumbani, akarudi na hindi la kuchoma. Nikala nimekaa kwenye majani na soksi zangu. Nilipomaliza walinipa jingine, bila kuniuliza swali zaidi, kwa jinsi mtu anavyotendewa akionekana hayuko sawa kichwani. Sijawahi kula mahindi matamu hivyo.

Baada ya hapo ni mteremko mrefu, upepo masikioni, ziwa likijitokeza na kujificha. Rubengera nilipita bila kusimama, nikiomba radhi kwa sauti kwa kila mzee niliyempita. Mpaka leo naona aibu.

Karongi: sahani ya sambaza

Nilifika Karongi saa tisa. Kilima cha Spesioza kinaonekana kutoka mjini, na mimi niligeuza macho nikaingia mgahawani nikaagiza sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu. Sikuwa na njaa, nilikuwa na mahindi mawili tumboni. Niliogopa, basi. Ukiwa njiani unaweza kujidanganya kwamba unachokihofia ni barabara. Pale nilijua ninachokihofia ni mtu mmoja akiwa amesimama mlangoni na asifungue.

Nilikula sambaza mmoja mmoja. Mhudumu akauliza kama wana tatizo. Nikasema hapana, wazuri sana, ni mimi ndiye mwenye tatizo. Akaniongezea pilipili.

Kilima

Njia ya kwake ni ya udongo mwekundu, inapanda kwa kona tatu. Kwenye kona ya tatu kuna kichaka kikubwa cha mwanzi, na ukishapita mwanzi unaonekana kutoka getini kwake, hatua kama mia hivi, karibu tambarare. Kabla ya mwanzi hakuna anayekuona.

Nilianza vizuri. *Tak* ya kulia, *tak* ya kushoto, sukuma, vuta. Kona ya kwanza nikaimaliza. Kabla ya kona ya pili gurudumu la mbele likaanza kuinuka, viazi vikinivuta nyuma, mapaja yakawaka moto, na kidole gumba, nisingependa kueleza zaidi, kikaachana na ukucha wake. Niliona giza. Nilizungusha kisigino, na safari hii, sijui kwa nini, kikatoka kama siagi. Mguu wangu ukagusa chini.

Nilisimama pale nikihema. Sharti lilikuwa moja tu na nilikuwa nimelivunja. Ningeweza kurudi. Badala yake nilitazama juu, nikatazama chini, hakukuwa na mtu. Nikavua viatu, nikavifunga kwenye usukani, nikaisukuma baiskeli nikiwa na soksi mpaka kwenye mwanzi. Pale nikafuta jasho kwa majani, nikavaa viatu tena huku nauma meno, nikapanda. Nikatokea kwenye kona kichwa juu, nikipiga mluzi.

Spesioza alikuwa getini. Amevaa kitenge cha nyumbani na ndala za waridi, mikono ameikunja kifuani. Amezeeka kidogo katika miezi minane, nami pia. Nilipomwona nilisahau mluzi, nikasahau kisigino, nikasahau yote niliyojifunza kwa wale wazee wa Jumapili. Nilisimama mbele yake nikanyoosha mkono nimsalimie dada yangu.

Nikaanguka miguuni kwake kama gunia. Begi likapasuka, viazi vikashuka kilima.

Hakusogea. Alitazama baiskeli, akanitazama mimi chini yake, akatazama soksi zangu zilizochungulia juu ya viatu, nyekundu za udongo.

"Umepandia kwenye mwanzi?" akauliza.

Nilikuwa na jibu la uongo tayari mdomoni. Lakini nilichoka, na uongo kidogo ndio uliotufikisha pale. "Ndiyo, dada. Nimesukuma kutoka kona ya pili."

Akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika. Kisha akakaa chini kwenye udongo, mtu mzima mwenye wajukuu, akacheka mpaka shemeji akatoka ndani na mwiko.

"Baba naye alikuwa anapandia palepale," alisema alipopata pumzi.

"Baba gani?"

"Baba yako. Kila mwezi. Anaisukuma mpaka kwenye mwanzi, anafuta jasho kwa majani, anapanda, anatokea anapiga mluzi. Nilikuwa namwona kutoka shambani juu kule. Sikumwambia hata siku moja."

Akaendelea kucheka, na katikati ya kicheko akawa analia, na mimi bado nimenaswa kwenye baiskeli nikalia nikiwa nimelala. Shemeji akarudi ndani.

"Ile baiskeli haikuwa yako peke yako, Deo."

"Najua. Nilipaswa kukuuliza. Nisamehe."

Alikuja kwa magoti, akashika mguu wangu wa kulia, akafungua mkanda wa kwanza, wa pili, wa tatu, jinsi alivyokuwa akifanya Karagwe nikitoka shule. "Toa mguu." Nikatoa. Akafungua na wa kushoto. Viatu vikabaki kwenye pedali na mimi nikawa huru. Akavua soksi, akatazama vidole.

"Hivi si saizi yako."

"Najua."

"Ulijua wakati unanunua?"

"Nilijua. Lakini vilikuwa vyeupe."

"Kama baba," akasema. Akavua ndala zake, akaziweka mbele yangu. "Vaa uingie. Chakula ni cha jana."

Akatangulia peku, akaokota viazi vya karibu akivitia kwenye upindo wa kitenge. Vilivyofika kwa jirani tuliviacha. Nikavaa ndala. Zilikuwa ndogo kuliko hata vile viatu, visigino vyangu vyote viwili vilibaki nje, nikaingia nazo ndani.